Kruzi imekufa? Anza na pedali ya breki

Barabara ya kutoka Chalinze hadi Dodoma ina vijiji vingi, na karibu kila kijiji kina kibao cha 50. Mguu wa kulia ukisinzia kidogo mshale umefika 58, askari wa tochi (mashine ya kupima mwendo) ametokea nyuma ya mwembe, na elfu thelathini imekwenda na maji. Watu wakisikia kruzi (cruise control, kifaa kinachoshikilia mwendo bila mguu wako) wanafikiria barabara pana za Ulaya. Mimi naipendea vijijini: naiweka kwenye 50, mguu naupumzisha karibu na breki bila kuigusa, macho yanabaki kwenye watoto na mbuzi badala ya kuchungulia mshale kila sekunde.

Tatizo ni kwamba magari mengi ya zamani tunayoyaendesha yana kruzi isiyofanya kazi. Mwenye gari alilinunua hivyo, akabonyeza vitufe mara mbili, akaamua ni mapambo. Ukienda kwa fundi, jibu la haraka ni "kompyuta imekufa". Mara nyingi si kweli, na kompyuta ndiyo kitu cha mwisho unachopaswa kununua.

Nitatumia mfano wa Toyota za miaka ya 1990, kama Surf na Land Cruiser za wakati huo, zile ambazo pedali ya mafuta bado inavuta kebo ya chuma. Gari lako likiwa la aina nyingine, mantiki ni ileile hata kama namba zitatofautiana. Na tusichanganye mambo: kruzi si spidi gavana ya mabasi. Gavana inakuzuia usipite mwendo fulani. Kruzi inashikilia mwendo uliouchagua wewe.

Inavyofanya kazi

Kompyuta ndogo ya kruzi inasoma mwendo kutoka kwenye sensa iliyoko kwenye giaboksi. Inasoma pia vitufe vya usukani. Ukibonyeza SET, inaamuru mota iliyoko chini ya boneti ivute kebo yake ya pili inayofika kwenye throto (kilango cha hewa ya injini ambacho pedali ya mafuta hukifungua). Kati ya mota na kebo kuna klachi ya sumaku: umeme ukiwepo inashika, umeme ukikatika inaachia na springi inaifunga throto.

Sasa shika hili, maana ndilo litakalokuokolea pesa. Mfumo huu umeundwa uwe mwoga. Ukiona dalili yoyote kwamba huenda breki imekanyagwa, au klachi imekanyagwa, au gia iko N, au handbreki imevutwa, au mwendo hausomeki, unakataa kushika. Haujali kama breki imekanyagwa kweli au waya umekatika tu. Kwa hiyo kruzi "iliyokufa" mara nyingi ni nzima kabisa ila kuna kitu kinaitia wasiwasi. Kazi yako ni kukitafuta hicho.

(Baba wa kifaa hiki, Ralph Teetor, alikuwa mhandisi wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni. Alipata hataza yake mwaka 1950, na Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake ya mwaka 1958. Huenda asiyeona ndiye anayesikia vizuri zaidi mguu wa dereva unapopandisha na kushusha mwendo ovyo.)

Kwanza, jua unalalamikia nini

Kusema "haifanyi kazi" hakumsaidii mtu. Endesha gari mahali salama, zaidi ya 40 km/h, kwa sababu chini ya hapo Toyota nyingi hazishiki hata zikiwa mpya. Kisha angalia ni lipi kati ya haya linatokea.

Taa ya CRUISE kwenye dashibodi haiwaki ukibonyeza swichi kuu: hapo unatafuta fyuzi, swichi kuu, au utepe wa usukani. Taa inawaka lakini SET haishiki kabisa: anza na breki. Inashika halafu inaachia, au gari linapanda na kushuka kama linapumua: tazama sensa ya mwendo na kebo. Taa ikimemeta mara tano wakati unaendesha kisha kruzi ikaachia, furahi. Kompyuta imegundua kosa na imelihifadhi; utalisoma baadaye.

Breki: hapa ndipo penye kazi

Rudisha gari nyuma usiku karibu na ukuta, ukanyage breki, ugeuke utazame mwanga. Taa za breki ziwake zote unapokanyaga na zizime zote unapoachia. Zisipowaka, angalia fyuzi iliyoandikwa STOP. Kompyuta ya kruzi inautazama mzunguko huohuo, na fyuzi ikiungua unapoteza taa pamoja na kruzi. Zikibaki zinawaka huku mguu uko sakafuni, kompyuta inaamini umekanyaga breki siku nzima.

Balbu nazo ni kesi. Kwenye baadhi ya magari kompyuta inapata hasi yake kupitia uzi wa balbu ya breki. Ukiweka balbu za LED kwa ajili ya urembo, au balbu zote zikiungua, ule uzi haupo tena na kruzi inagoma. Kama umewahi kubadilisha balbu, rudisha za kawaida kwa dakika tano ujaribu kabla hujagusa kitu kingine. Ni kipimo kisichogharimu kitu.

Kisha ingia chini ya dashibodi na tochi. Juu ya mkono wa pedali ya breki kuna swichi ndogo yenye kidole kinachosukumwa na pedali. Kwenye Toyota yenye kruzi swichi hii huwa na nyaya nne, siyo mbili. Mbili ni za taa: zinaungana unapokanyaga. Mbili nyingine zinafanya kinyume chake: zimeungana muda wote na zinakatika unapokanyaga. Hizi za pili ndizo zinazopitisha umeme wa klachi ya sumaku. Maana yake ukigusa breki, klachi inakatiwa umeme moja kwa moja na swichi, bila kusubiri kompyuta ifikirie.

Nilijifunza haya kwa hasara. Surf yangu ya 1997 iliwahi kupelekwa gereji taa za breki zikiwa hazizimiki. Ikarudi taa ziko safi, lakini kruzi imepotea. Fundi akanishauri, "Bosi, kompyuta ya kruzi imekufa, tukatafute nyingine Gerezani," yaani kule kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei nilipompata mzee mmoja fundi umeme. Hakutoa hata mita ya umeme. Aliinama chini ya usukani, akakaa huko kidogo, akaniuliza, "Kijana, swichi hii ilikuwa na nyaya nne. Mbili zimeenda wapi?" Walikuwa wameweka swichi ya nyaya mbili kutoka gari lisilo na kruzi, wakakata soketi, wakaunga nyaya za taa tu. Zile mbili nyingine zilikuwa zimefungwa gundi nyeusi na kusukumwa nyuma ya kapeti.

Kwa hiyo pima. Chomoa soketi ya swichi, weka mita kwenye mlio (inalia nyaya zikiwa zimeungana), shika jozi moja baada ya nyingine. Jozi moja ilie pedali ikiwa juu na inyamaze ukikanyaga. Nyingine inyamaze pedali ikiwa juu na ilie ukikanyaga. Isipokuwa hivyo, badilisha swichi kwa yenye pini nne za aina ileile. Ikiwa ni nzima lakini imekaa vibaya, legeza nati yake uisogeze: Toyota hutaka nafasi kati ya milimita 0.5 na 2.4 kati ya mwili wa swichi na pedali iliyopumzika. Kaza, kisha rudi ukutani na taa zako.

Utakutana na mtu atakayekwambia, "Unga tu hizo nyaya mbili pamoja, itafanya kazi." Ni kweli, itafanya kazi. Itafanya kazi hata siku ambayo kompyuta imechanganyikiwa, throto iko wazi, na wewe unakanyaga breki mbele ya lori lililoharibika Gairo. Usiunge. Bora gari lisilo na kruzi.

Gari la gia za mkono lina swichi ya namna hiyohiyo kwenye pedali ya klachi. Kwenye otomatiki ni swichi ya gia iliyoko kwenye giaboksi. Kama gari linakubali kupiga starti kwenye D, au halipigi kwenye N, anza kuishuku hiyo.

Ifanye taa izungumze

Toyota za wakati huo hazihitaji mashine ya kusomea makosa. Zinahitaji kipande cha waya na uvumilivu.

Fungua boneti utafute kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya herufi. Gari likiwa limezimwa, unganisha tundu la TC na la E1 kwa kipande cha waya. Hakiki mara mbili, kwa sababu jirani yao kuna tundu lenye umeme wa betri na ukikosea unaunguza kitu. Kama gari lina soketi ya pini 16 chini ya usukani, unaunganisha tundu la 13 na la 4. Washa swichi hadi ON bila kupiga starti. Taa ya CRUISE itaanza kumemeta, na usishtuke taa ya injini na ya ABS zikijiunga kwenye ngoma. TC ni moja, inaziamsha kompyuta kadhaa kwa pamoja.

Ikimemeta haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Vinginevyo hesabu: mara mbili, pumziko fupi, mara moja, hiyo ni 21. Zinazokutwa zaidi ni hizi:

11 ni mzunguko wa mota. 12 ni klachi ya sumaku au nyaya zake, na kumbuka njia ya nyaya hizo inapita kwenye swichi ya breki. 13 ni mota au kipimo cha nafasi kilicho ndani yake. 21 ni sensa ya mwendo. 23 ni mwendo kushuka ghafla chini ya ule ulioweka. Inaweza kuwa sensa inayokatika, inaweza pia kuwa ulipanda mlima mrefu na mzigo, na hapo hakuna kilichoharibika. 31 na 32 ni vitufe vya usukani. 41 ni kompyuta yenyewe, na hii ndiyo namba pekee inayokupa ruhusa ya kuanza kuishuku.

Zina utofauti kidogo kati ya modeli na modeli, kwa hiyo zichukue kama kidole kinachoonyesha njia, siyo hukumu. Andika namba, toa waya, kisha tenganisha hasi ya betri kwa dakika moja ili kumbukumbu ifutike. Endesha tena. Kosa linalorudi ndilo la kushughulikia. Lisilorudi huenda ni la mwenye gari wa kwanza kule Japani.

Vitufe na utepe wa usukani

Piga honi. Kama honi imekufa, taa ya eabegi inawaka, na kruzi haisikii vitufe, usipoteze muda: utepe wa ndani ya usukani umekatika. Ni utepe mwembamba uliojikunja kama springi ya saa, unaopeleka umeme kutoka nguzo ya usukani hadi kwenye usukani unaozunguka. Miaka 25 ya kukata kona inauchosha.

Kabla hujafungua usukani wenye eabegi: zima gari, toa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90. Kunywa maji, vuta kiti. Mfumo wa eabegi hubaki na umeme kwa muda hata betri ikiwa imetolewa. Soketi na nyaya za njano ni za eabegi. Usizichome mita kamwe, maana umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua. Ukishaitoa eabegi, ilaze uso ukitazama juu, mbali na watoto. Kama maneno haya yamekutia hofu, mpe kazi hii fundi anayejua eabegi na uendelee na nyingine.

Vitufe vyenyewe ni swichi tatu zenye vizuizi tofauti kwenye waya mmoja. Pima ukiwa umechomoa soketi ya vitufe: ukishika RES/ACC, mita isome takriban omu 70, SET/COAST, takriban 200, CANCEL, takriban 420. Ukiona 200 inayorukaruka hadi 350 ukibonyeza kwa nguvu tofauti, ndani kuna uchafu. Fungua, puliza dawa ya kusafisha umeme, sugua miguso kwa kitambaa. Soda iliyomwagika mwaka 2009 bado iko humo.

Ukiweka utepe mpya, magurudumu ya mbele yawe yamenyooka. Utepe mpya huja umefungwa katikati, usiuzungushe. Wa kutoka gari lililokatwa hauna uhakika huo: uzungushe polepole kinyume cha saa mpaka ukome wenyewe, kisha urudishe mizunguko kama miwili na nusu mpaka alama zilizochorwa zikutane. Ukikosea hapa, utaukata siku ya kwanza utakapogeuza gari uwanjani.

Sensa ya mwendo

Fupi: mshale wa mwendo ukifa, kruzi nayo imekufa. Ukitetemeka, kruzi itatetemeka. Sensa imechomekwa kwenye giaboksi, na kinachoisumbua zaidi ni tope na oili kwenye soketi. Safisha kabla ya kununua. Kama umeweka tairi kubwa kuliko za asili, linganisha na GPS ya simu. Kruzi itashikilia 50 ya dashibodi wakati tochi inasoma 54.

Mota na kebo

Chini ya boneti, fuata kebo mbili zinazofika kwenye throto. Moja inatoka kwenye pedali, nyingine inatoka kwenye kiboksi chenye mota. Ivute ile ya kruzi kwa kidole: iwe na ulegevu kidogo, chini ya milimita 10. Ikilegea zaidi, mota itavuta hewa tupu kwanza na gari litapungua mwendo ndipo lishtuke. Ikikaza mno, silensa (mwendo wa injini usipokanyaga mafuta) itabaki juu. Vumbi la barabara zetu hujaa ndani ya ala ya kebo. Ikiwa inakwaruza, idondoshee oili nyepesi, na ukisikia nyuzi zimechanika, ibadilishe. Kebo inayokwama ni throto inayokwama.

Chomoa soketi ya mota upime klachi ya sumaku: Toyota nyingi husoma karibu omu 40. Ukipeleka volti 12 hapo kwa sekunde moja utasikia "tak". Kipimo cha nafasi ndani yake kwa ujumla husoma karibu kiloomu 2 kati ya pini za pembeni, na pini ya kati ibadilike taratibu unapozungusha mkono wa mota kwa kidole.

Gari lako likiwa Volvo 240 au la Kimarekani, hakuna mota. Kuna kibuyu cha mpira kinachovutwa na hewa ya injini au ya pampu ndogo. Hapa ugonjwa ni mmoja: mpira uliopasuka. Chomoa bomba la kibuyu, lifyonze kwa mdomo, ziba kwa ulimi. Kibuyu kibaki kimenywea. Kikijaa tena, kimetoboka. Usisahau kivalvu cha hewa kilichoko kwenye pedali ya breki, kinachovuja kama kimekaa mbali na pedali yake.

Kompyuta, ikibidi

Umefika hapa na kila kitu ni kizima? Pima kama kompyuta inapata volti 12 na hasi safi. Kisha ifungue. Kwenye magari ya umri huu, Benzi za W124 zikiwemo, hitilafu inayojulikana ni risasi ya kuungia (solda) iliyopasuka kwenye miguu ya vipande vizito. Tazama kwa lenzi: utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Pasha pasi ya kuungia, weka risasi mpya, subiri ipoe. Kapasita iliyovimba au kulowa chini yake, badilisha. Ikishindikana ndipo uende Gerezani, au Kirinyaga Road ya Nairobi, na namba iliyobandikwa mgongoni mwa kompyuta. Namba ya zamani na ya unayonunua ziwe sawa hadi tarakimu ya mwisho. Umbo kufanana hakutoshi.

Kujaribu

Chagua asubuhi ya Jumapili, barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na watu. Usijaribu kwa kunyanyua gari kwa jeki. Magurudumu yanayozunguka hewani yanadanganya mfumo, na gari linaweza kushuka jeki.

Fika 60, bonyeza SET, ondoa mguu. Gusa breki kidogo tu, kiasi cha taa kuwaka: iachie papo hapo. Bonyeza RES, irudi 60. Vuta CANCEL, iachie. RES tena, kisha zima swichi kuu, iachie. Kwenye gari la gia za mkono, fanya hivyo na klachi. Rudia breki mara kumi, siyo mbili. Hata mara moja tu ikichelewa kuachia, chomoa soketi ya mota palepale barabarani, urudi nyumbani ukikanyaga mafuta kwa mguu wako, ukaanze upya pale kwenye swichi ya nyaya nne.